Nyumba Niliyomuuzia Mdogo Wangu

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, niliyopiga hodi kwenye mlango niliomchagulia fundi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetoka sokoni Tengeru, jembe begani. Pasaka ilikuwa inakaribia, na nilitaka kupalilia kaburi la mtoto wangu wa kwanza, Baraka, aliyefariki kabla hajajua kutembea. Tulimzika uani, kwenye migomba nyuma ya jiko. Nyumba nilikuwa nimeshaiuza, lakini nilimuuzia Elisante, mdogo wangu wa tumbo moja, na kwa akili zangu za wakati ule nyumba ya mdogo wangu ilikuwa bado kwetu.

Aliyefungua mlango ni Baba Neema, baba wa Baraka na wa mdogo wake Neema, mume niliyeachana naye kwa ngumi na matusi. Wazee walimshuhudia akitoka humo na begi moja. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na fulana ya ndani, kikombe cha chai mkononi.

"Karibu," akasema. "Unamtafuta nani?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kisa cha namna hii ukikianzia katikati wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Kiwanja kile nilipewa na marehemu baba. Nyumba niliijenga kwa nyanya na karoti, gunia kwa gunia, na ndiyo maana ndoa ilipokufa wazee walisema inabaki kwangu. Kisha mama akaugua, hospitali ikataka fedha, nami sikuwa na kingine cha kuuza. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mgeni, aliifuata nyumba ile mara tatu na bei yake ilikuwa nzuri. Nikamkatalia. Nikasema ardhi ya baba haitoki nje, nikampa Elisante kwa bei ya kindugu. Na fedha aliyonilipa nikamtibia mama, mama yetu sote wawili. Fikiria hapo kidogo, mwanangu. Mama alipona, mimi nikahamia chumba cha kupanga Usa River, na Elisante akabaki na nyumba. Ya mama sijutii. Hayo mengine bado yananikaa kooni.

Tulipouziana sikumtajia kaburi. Ningemtajiaje? Alikuwepo siku ya mazishi, alishika koleo. Hatukulijengea kaburi kwa saruji, uwezo haukuwepo; tulipanda masale manne, moja kila pembe, kama tufanyavyo huku Meru. Nikadhani mtu aliyeshika koleo hahitaji kuambiwa.

Basi, pale mlangoni nikamuuliza yule bwana ameingiaje humo.

"Nimepanga. Shemeji Elisante amenipangisha, na kodi yangu nalipa."

"Nimekuja kupalilia kwa Baraka."

"Leo nina wageni. Siku nyingine ukitaka kuja, ongea kwanza na mwenye nyumba."

Akafunga mlango taratibu, bila hata kuubamiza. Angeubamiza ningepata la kupigia kelele.

Siku hiyohiyo nikapanda gari hadi mjini, kwenye duka la Elisante la spea. Akaniona, akatabasamu, "Shikamoo dada!" Sikuitikia. Nikamuuliza kama Arusha nzima ilikosa mpangaji.

"Dada, analipa mapema, na nyumba anaijua. Ningemweka mtu baki aje aibomoe? Halafu yule ni baba yake Neema, si adui."

"Na kaburi, Elisante?"

"Kaburi si lipo? Halijahama. Ila mimi nimeshampangisha, siwezi kwenda kumwingilia mtu ndani kwake."

Umeona mchezo ulivyokaa? Mpangaji ananituma kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema mwenye kauli ni mpangaji. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wamesema wahenga, lakini huyo mzazi mwingine ndiye aliyenifungia mlango. Mwaka mzima nilipita barabara ile na ndoo zangu za nyanya, nikitazama vichwa vya migomba juu ya uzio. Usiniulize nilikuwa nafikiria nini.

Mwisho nikapeleka shauri kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, mzee asiyependa maneno mengi. Akatusikiliza wote wawili. Kisha akauliza, "Siku mnauziana, mzee gani alikuwepo?"

Tukasema hakuna.

"Mlipouziana mlikuwa wawili, mnapogombana ndiyo mnanikumbuka." Akanigeukia mimi kwanza, na hilo liliniuma. "Wewe, ulikuwa na mdomo wa kupigia bei karoti, mdomo wa kumsemea mtoto wako ukauacha wapi?" Kisha akamwambia Elisante, "Na wewe, undugu ni kufaana, si kufanana. Chukua isale ukamwombe dada yako radhi, halafu umfungulie lango."

Huenda wewe umekulia mjini hujui. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea isale kuomba radhi, humkatalii, hata kama amekuchomea nyumba. Ndivyo tulivyolelewa.

Baada ya wiki moja Elisante akaja chumbani kwangu Usa River na isale mkononi, limefungwa vizuri kwenye kitambaa, mizizi ina udongo mbichi. Akapiga goti. Moyo ukaanza kulainika, nakuambia kweli. Nikamuuliza, kwa ajili ya kuongea tu, amelitoa wapi.

"Palepale kwako, dada," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari njema. "Nimemkuta Baba Neema anasawazisha uwanja, anataka sehemu ya kuegesha gari. Migomba ameikata, masale yote ameyang'oa ameyatupa. Nikaona hili bado zima, nikasema nisiende kusumbua watu wengine."

Nililitazama lile isale. Nililipanda kwa mikono yangu siku nilipomzika mwanangu. Lilikuwa alama ya mwisho ya mahali alipolala, na mdogo wangu alikuwa ameniletea ili nimsamehe. Hakuelewa alichokishika. Na yule mwingine, baba mtu, mpaka leo sijui kama alisahau au alikumbuka.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Nimekusamehe," kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Elisante akanywa chai, akaondoka mwepesi. Mpaka leo huwa anasimulia watu jinsi dada yake alivyo na moyo mzuri. Lango aliniambia liko wazi. Niende kupalilia wapi, kwenye kokoto za kuegeshea gari?

Lile isale nililitunza kwenye kopo, na nilipopata kiwanja changu Maji ya Chai nikalipanda. Limeshika, limekuwa refu kuliko mimi. Wajukuu hulizunguka wakicheza, na siku moja mdogo wao akauliza, "Bibi, hapa amelala nani?" Nikamwambia hakuna mtu. Ndiyo kweli, chini yake hakuna mtu.

Sasa nasikia na wewe unataka kununua nyumba ya dada yako, na kwamba yule aliyeachana naye ameshakuulizia chumba. Sikukatazi kununua. Lakini nenda kwanza ukae na dada yako, mbele ya wazee, umuulize ni kitu gani anakiacha humo ndani. Mwache aseme, hata akilia. Kisha mpangishe yeyote umtakaye, ila yule mtu usimpe ufunguo, hata akikulipa mara mbili. Kodi utaitumia iishe, na dada yako atabaki kuwa na wewe miaka yote. Na kama ni wewe unayeuza, sema. Usiseme ndugu anajua. Ndugu hajui, mwanangu.

Mungu akupe nyumba yenye mlango ambao watu wako hawatapiga hodi kwa hofu. Akupe ndugu wa kukuuliza kabla hajauza wala kununua. Na kama ndugu wa namna hiyo hukujaliwa, basi akuletee mgeni mwenye bei nzuri, nawe usimkatae.