Kumi Walitosha

Shangazi yangu Verneice Honoré alipika katika shule ya msingi ya mji wetu, hapa Louisiana, mpaka magoti yakamkatalia. Nyumbani kwake kuna sheria moja inayotukera sote: hakuna jambo linaloamuliwa mpaka kila aliyeko mezani akubali. Siku tulipomzika mumewe, maharage mekundu yalipoa sahanini huku tukibishania wimbo, kwa sababu binamu yangu Alcide alikuwa hajaridhika. Alcide ni mbishi wa kuzaliwa, na shangazi humsikiliza kama waziri. Ukisema walio wengi wameshinda, anakutazama mpaka hamu ya kula inakuisha.

Ugonjwa huo aliupata mahakamani. Alipokuwa bado msichana aliitwa, kama raia yeyote anavyoweza kuitwa, akae na wenzake kumi na mmoja kuamua kesi ya kijana Curley Narcisse, aliyeshtakiwa kwa kumuua mwenye duka la samaki. Karibu majimbo yote yalitaka wote kumi na wawili wawe na kauli moja. Kwetu kumi walitosha. Sheria hiyo ilitungwa zamani, na walioitunga hawakuficha kwamba walitaka mtu mweusi mmoja au wawili wasiweze kuzuia kitu. Mle chumbani weusi walikuwa shangazi na mzee mmoja fundi viatu, basi.

Mikono iliponyooshwa, kumi wakasema ana hatia, shangazi na fundi viatu wakasema hapana. Shangazi alikuwa bado anauliza: shahidi aliitambuaje sauti ya Curley akiwa jikoni, na feni inanguruma? Kiongozi wao, muuza mbao, akavaa kofia yake.

“Endelea kuuliza, binti,” akamwambia. “Sisi tunakwenda kula.”

Curley akafungwa maisha.

Fundi viatu akafa. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Juu kule Washington ikasema kwamba Katiba inawataka wote kumi na wawili, tukashangilia kanisa zima. Haukupita muda ikaongeza kwamba waliohukumiwa zamani uamuzi huo hauwahusu. Siku hiyo niliitukana televisheni, na sijutii. Wanasheria wanabishana mpaka leo. Wako wanaosema kesi lazima ifike mahali iishe, mashahidi wamekufa, na waliofiwa wanataka kupumzika. Hilo la waliofiwa silidharau. Lakini kama jambo ni baya leo, lilikuwa baya na siku ile, na Curley alikuwa anazeekea ndani.

Kisha wilaya yetu ikachagua mwendesha mashtaka mpya, mwanamke, naye akakubali kwa hiari yake kuzifungua zile kesi za zamani. Wakili wa Curley akampigia shangazi simu aje mahakamani. Shangazi akakataa katakata. Nikadhani anaogopa watu, mpaka siku tuliyokuwa tunamenya kamba jikoni kwake, akaniambia kuwa anayemwogopa ni Curley mwenyewe.

“Ataniuliza kama niliamini hakuua,” akasema. “Na mimi sikuamini hivyo. Sikujua.”

“Si umdanganye kidogo tu, shangazi? Mtu kamaliza ujana wake wote mle.”

“Wamemdanganya wangapi? Na mimi nijipange foleni?”

Nikaendelea kumenya kamba wangu. Lakini siku ya kesi ilipofika nilimkuta kibarazani, amevaa kofia yake ya Pasaka, ananigombeza kwamba nimechelewa.

Jaji hakumuuliza neno. Kwake ilitosha kwamba kura zilikuwa kumi kwa mbili. Akaifuta hukumu, akaamuru kesi isikilizwe upya, na Curley aisubiri nyumbani kwa dada yake. Watu wakakumbatiana. Binti wa yule mwenye duka aliyeuawa akatoka peke yake akifuta machozi, na furaha yangu ikapungua nusu.

Tulikuwa ukumbini nje tukitafuta lifti Curley alipotufikia, mzee mwenye upara, suruali ya kuazima ikimpwaya. Akavua miwani.

“Wewe ni mmoja wa wale wawili?”

“Ndimi.”

“Ulijua sikufanya?”

Nikamkanyaga shangazi mguu. Akausogeza.

“Hapana, kaka. Sikujua, na leo pia sijui. Nilikuwa na maswali, wakaninyima muda. Ndiyo maana nikasema hapana.”

Dada yake Curley akashika mdomo. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Curley akaketi kwenye benchi la ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

“Mchungaji ananiamini. Wakili ananiamini. Dada yangu huyu aliniamini kabla sijafungua mdomo,” akasema. “Na wale kumi waliamini yao. Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua.”

Akasogea pembeni, akamtazama shangazi, akapigapiga mahali palipobaki wazi kwenye benchi.

“Kaa, dada. Niulize.”