Nimenunua gari la kulala mimi na mke wangu, amegoma kulikanyaga

Admin nipostie hiki na jina langu ulifiche, siyo kwamba namwogopa mtu, ila mke wangu ana watu wake humu ndani. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, nakaa Kibaoni hapa Ifakara. Shule niliishia njiani, lakini nimeendesha malori na matrekta ya miwa tangu baba zenu wengi wanavaa kaptula, na sijawahi kuangusha gari hata moja. Kwa hiyo nikisema gari hili zuri na lile takataka, nyamaza usikilize.

Shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya mto, mbugani kabisa. Wenyeji mnajua, mpunga ukianza kutoa masuke unahama nyumbani unakwenda kuishi huko mpaka umevuna, la sivyo ndege wanakuachia makapi. Mimi na mama Neema tumehama hivyo kila mwaka tangu tuoane, tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, maana chini ni maji. Sasa nyonga yake imeikataa ngazi. Msimu uliopita alijikaza, akawa anapanda huku machozi yanamtoka, akaniambia, "Baba Neema, mwakani kama hakuna pa kulala pa maana, mimi siendi." Nikasema basi nitanunua gari kuukuu, nang'oa viti, naweka godoro, tunalala humo wawili. Wanangu wakacheka eti hayo ni mambo ya watalii. Vijana wa siku hizi wanajua kucheka tu, jembe wanaliona kwenye simu.

Tukaenda mimi na yeye kwa dalali, kijana mmoja suruali imembana mpaka kukaa hawezi. Alikuwa na magari mawili ya kutufaa. La kwanza kipanya, haya mabasi madogo ya abiria, chekundu, rangi imepakwa juu ya kutu. Mke wangu akatandika kanga ndani, akalala chali, akanyoosha miguu yote, akasema, "Hapa, Baba Neema. Hapa hata mlango nafungua mwenyewe." Mimi nikainama kuangalia chini. Kutoka tumbo la gari mpaka ardhini, kiganja! Hicho kwenye udongo mweusi wa mbugani hakimalizi hata asubuhi moja. "Mama, hiki ni cha kwendea harusini," nikamwambia.

La pili lilikuwa gari la wanaume. Refu, liko juu, linavuta miguu yote minne, injini nimeisikiliza nimefumba macho, haina kikohozi. Nyuma pana urefu wa kulala na benchi la pembeni. Nilivyoliona tu nikajua lilikuwa gari la wagonjwa, wamefuta maandishi. Kwangu siyo shida.

Mke wangu akachungulia, hakupanda. Akauliza, "Mwanangu, hiki kindoano cha juu ni cha nini?"

"Cha kutundikia koti, mama. Lilikuwa la bwana mmoja msafi sana."

"Huyo bwana koti alikuwa anatundika huku amelala?"

Dalali akachekacheka. Mimi nikawa natazama tairi. Nikalinunua siku hiyohiyo.

Kulifikisha nyumbani, jirani akatoka mbio mikono kichwani, "Jamani, nani amezidiwa?" Mtaa ukajaa. Watu wazima na akili zao! Nimeshuka mwenyewe, mzima, natembea, bado wananipa pole. Mke wangu akaingia ndani, nikamfuata.

"Baba Neema, wamefia wangapi mle?"

"Na waliopona je? Mbona hao huwaulizi?"

"Wagonjwa ningewavumilia. Nilikutazama pale, wewe ukatazama tairi. Ulijua, ukamwacha yule mtoto anidanganye."

Sasa hapo mimi nimesema uongo gani? Aliyesema koti ni dalali. Mimi hata mdomo sikufungua! Nikamwambia kama anaogopa mizimu namleta mchungaji aliombee gari. Akanijibu, "Aanze na wewe."

Kesho yake binti yetu aliyeolewa Mlimba akapiga simu. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Baba, mama anakuja kukaa na sisi. Anasema hawezi kulala kwenye machela wakati haumwi." Nikamwambia amweleze mama yake machela humo hamna, hata lile benchi nimeshaling'oa, nimeweka godoro jipya, nimelikata mwenyewe kwa kipimo cha wawili. "Si umwambie wewe, baba, mko nyumba moja." Mtoto niliyemzaa mimi!

Mke wangu anataka nilirudishe nichukue kile kipanya. Nikimuuliza kikizama je, anasema tutatembea. Atembee na nyonga ipi? Mpunga umeshaanza kutoa masuke, ndege wameshafika, na yeye Jumamosi anapanda treni, begi liko mlangoni. Watu wanasema niajiri mtu wa kuwinga ndege, kana kwamba ndege ndio shida. Kuwinga hata mjinga anawinga. Lakini mimi asubuhi siongei na mtu mpaka nimemaliza uji, na anayejua kunikalia kimya hivyo hapa duniani ni mmoja tu, na huyo ndiye anayekwenda Mlimba.

Sasa nishaurini, nyie mnaojifanya mnajua. Nishike gari linalofika shambani bila mke, au nimshike mke na gari lisilofika? Na wale watakaokuja kuniandikia nimwombe msamaha wasijisumbue, hilo nimeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa Kibaoni. Mimi nataka ushauri wa gari.