Salfa ya Mforosadi

Jamani, mkifika Mikindani mkasikia watu wananiita Shemeji Salfa, msiniulize mbele za watu, nawaambia hapa hapa yaishe, maana mpaka leo nikiikumbuka ile siku nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa kanga.

Mimi kwetu Newala, nimekulia kwenye mikorosho, na tangu nilipoolewa huku pwani nilikuwa natafuta kitu kimoja tu cha kumwonyesha mama mkwe kwamba na mimi najua jambo (wali wangu wa nazi alikuwa anaula amefumba macho, na si kwa utamu). Sasa nyuma ya nyumba, kando ya ua wa makuti, kulikuwa na mforosadi alioupanda marehemu baba mkwe. Zamani ulizaa forosadi nyeusi tii, watoto wa mtaa mzima midomo zambarau, lakini tangu mzee afariki hakuna aliyeugusa, matawi yamekauka, majani yamejaa ukungu mweupe kama yamemwagiwa unga. Nikacheka. Ukungu ule naujua, ni ubwiri unga, ndio unaotusumbua kwenye mikorosho, na dawa yake ni salfa, ule unga wa njano. Nikapogolea, nikapalilia, nikamwagilia, machipukizi yakaanza kutoka, mama mkwe akawa anapita pale anasimama kidogo, anayatazama. Nikaona nimeshampata. Nikaenda Madimba kwa binamu yangu kuazima mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni.

Ikaja siku ya posa ya wifi yangu Zuhura, mtu pekee katika nyumba ile ambaye hajawahi kunicheka, na Zuhura alikuwa anampenda kweli kweli yule kijana anayemposa, usingizi hana, anaogopa wazee wa kijana wasije wakabadili mawazo. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama mkwe akaniambia, "Mkwe wangu, kesho mti uache. Wageni wakiondoka utaupuliza utakavyo."

"Sawa mama," nikaitikia, huku moyoni nasema salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na wageni ni saa nne, kwani kuna nini? (Hiyo "kwani kuna nini" ndiyo iliyoniponza.)

Alfajiri mashine ikagoma. Navuta kamba, inakohoa, inazima, navuta, inakohoa, mpaka jua likatoka na umande ukakauka. Mwenye akili zake angeiweka chini. Mimi nikasema ngoja nivute mara ya mwisho, ikawaka, tena ikawaka kwa hasira, haipungui wala haizimiki, na nilikuwa nimesahau kwamba kwetu Newala, huko juu, saa ile hewa imetulia lakini huku upepo wa bahari unawahi kuamka. Wingu la njano likauacha mforosadi, likavuka ua. Kumbe washenga wamewahi, wameshakaa mkekani upande wa pili, kanzu nyeupe pee.

"Sisi tumekuja ku..." nikamsikia mshenga mkuu, Mzee Shabani, halafu chafya, halafu chafya za wenzake, wote kwa pamoja.

Nikakimbilia huko na mashine yangu mgongoni inanguruma, kanga nimejifunga usoni macho tu yanaonekana, mzee mmoja akaanza kutoa shahada.

"Poleni baba zangu, ni dawa ya mti tu!"

"Dawa ya mti?" Mzee Shabani akafuta macho. "Sasa sisi hapa ni miti?"

Dirishani nikamwona Zuhura analia. "Wifi, umenimaliza," akasema, na hapo ndipo nilipoumia kweli.

Mama mkwe hakupandisha hata sauti. Akawaletea maji, akasema wavue kanzu zifuliwe, watapitaje njiani wakiwa rangi ya bizari? Nguo za mume wangu hazikuwaenea, basi wazee wa watu wakajifunga kanga za mama mkwe, za maua makubwa makubwa, wakaendelea na posa. Mzee Shabani kila likija neno gumu anasema, "Hilo tutakwenda kulitazama nyumbani," na mama mkwe anamjibu kwa upole, "Hamna haraka baba, kanzu bado mbichi." Mimi nikaenda kwenye kamba, nikagusa, zimekauka kitambo. Nikamtazama mama mkwe. Akanikonyeza. Nikachukua ndoo, nikaziloweka upya.

Ilipofika alasiri kila kitu kimekubaliwa, mpaka tarehe ya ndoa.

Zuhura kaolewa na ananenepa huko. Siku ya arusi Mzee Shabani, kabla hajakaa, alichota mchanga akaurusha juu atazame upepo unaelekea wapi, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mashine ile niliirudisha Madimba na nimeapa sitaigusa tena bila kumwuliza mwenye nyumba. Mforosadi umezaa, na bakuli la kwanza mama mkwe kaniletea mimi mwenyewe jikoni, kwa mikono yake.

Wali wangu bado anaula amefumba macho.