Shingo Imesema

Mama mkwe wangu alikuwa msomaji wa shingo. Kule kwao Wusi, milimani, wasichana walipita mbele ya uwanja wake wamejitanda leso kooni hata jua likiwaka, maana aliiona mimba kabla mwenyewe hajaamua atamwambia nani. Alitazama kile kishimo kilicho chini ya koo. Kikidunda, au shingo ikijaa, basi. "Mimba ni kikohozi," alikuwa akisema, "utaificha wapi?" Na kwa vile alipatia mara nyingi, watu walimwamini kuliko kipimo cha duka la dawa.

Yangu haikusema kitu kwa miaka mingi. Mimi na mume wangu tuliishi Voi, nikiuza vitambaa, na kila tulipopanda milimani mama mkwe alinitazama shingo kwanza, halafu uso, ndipo akanisalimu. Nilichukia. Sina subira ya kukaguliwa kama ng'ombe wa mnadani. Lakini hakuwahi kunitamkia neno baya, na siku ya kurudi alinifungashia ndizi, viazi vitamu na mkebe wa chumvi ya mawe.

Chumvi hiyo ilianza na marehemu baba mkwe. Alipopatwa na presha daktari alimkataza chumvi, na mama mkwe, ambaye hakuona vipi mtu atakula kimanga, muhogo na maharagwe ya kuponda, bila chumvi, akaamua kwamba mbaya ni ile ya pakiti. Akahamia ya mawe, wanayonunuliwa ng'ombe. Hii ni ya Mungu, alisema, haijatiwa kitu. Mzee alifariki, chumvi ikabaki. Huku Voi tuliila mwaka nenda mwaka rudi kwa sababu ilitoka mkononi mwake.

Kisha siku zangu zikakatika. Nikanenepa na chakula sili. Nikawa nasinzia juu ya vitambaa, na baridi ikaniingia, tena Voi, ambako hata kuku hutanua mabawa kivulini. Mimi nimekaa dukani na sweta, wateja wananicheka. Nywele zilinitoka kwenye kitana nikayalaumu mafuta mapya. Sikwenda kupima. Nilikuwa nimengoja mno, na niliogopa kuuliza.

Tulipanda Wusi wakati wa kuvuna maharagwe. Mama mkwe alikuwa akipepeta uwanjani. Alinitazama shingo, akaweka ungo chini.

"Mwanangu, hiyo shingo imejaa."

"Nimenenepa tu, mama."

"Kunenepa gani huko?" Akanigusa kooni kwa kidole chenye vumbi la maharagwe. "Imesema. Na hilo sweta? Huyo ni mtoto wa huku juu, hataki joto lenu la Voi."

Nililia palepale mbele ya kuku na majirani. Nilifurahi hadi nikaona haya. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na kina mama wakanipisha kwenye benchi. Mama mkwe aliacha kuniita mwanangu. Sasa ilikuwa mama, keti. Mama, usibebe hiyo ndoo. Nilikuwa nimelisikia neno hilo sokoni kila siku, kila mwanamke huitwa mama na muuza nyanya. Kutoka kwake lilikuwa kitu kingine, na nililipokea kwa mikono miwili.

Nikaenda hospitalini Voi kuanza kliniki. Muuguzi alipima mkojo, akatoka, akarudi na kipimo cha pili. Hakuna mimba. Nikamwambia vipimo vyao vimeharibika, maana shingo imeshasema. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi. Akanipeleka kwa daktari, binti mdogo kwangu, naye akasimama nyuma yangu akaweka vidole palepale alipoweka mama mkwe.

"Meza mate," akasema.

Nikameza.

"Mama, hili ni rovu."

Damu ilipopimwa ikaonekana tezi ya shingo, ile iliyovimba ikawa rovu, imelegea, na damu yenyewe ina upungufu wa madini ya chuma. Tezi ikilegea, alinieleza, siku zinaweza kukatika, mwili ukavimba, baridi ikaingia, na mimba ikawa ngumu kushika au ikashika na kutoka. Akauliza tunakula chumvi gani. Nikamjibu. Ile ya pakiti hutiwa iodini, akasema, madini ambayo tezi haiwezi kufanya kazi bila hayo. "Siwezi kusema ni chumvi peke yake. Lakini anayetafuta mtoto anatakiwa awe nayo mwilini kabla mimba haijashika."

Neno hilo, kabla, lilinikata maini. Nilihesabu ile miaka yote njiani hadi nyumbani.

Nilipanda Wusi kumwambia. Nilimkuta ameanika leso kuukuu alizozifua, laini za kumlazia mtoto. Nilimweleza habari ya rovu, na ya chumvi nikaipunguza, nikasema tu daktari anapendekeza ya pakiti. Hakuwa mjinga. Aliingia jikoni, akatoka na mkebe, akaumwaga nyuma ya zizi.

"Nimekulisha mimi," akasema.

"Hukujua, mama."

Akaanza kuanua leso, na zilikuwa bado mbichi.

Kanisani mwanamke mmoja alinifariji kwamba kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Nilimwambia akamwambie mwanawe, yeye aliye naye. Najua hakukusudia ubaya.

Sasa nameza kidonge kila alfajiri kwa maji matupu, nangoja ndipo ninywe chai. Siku zangu zimerudi, sweta nimelitoa. Daktari amefurahi, anasema tujaribu, ingawa umri nao haungoji. Mtoto hajaja. Watu wa Voi hunipongeza kwa shingo yangu nzuri, nami huitikia asante, na moyoni nataka kupiga mayowe, kwa sababu mwanangu hakuwahi kuishi mahali pengine ila hapo.

Majuzi tulipanda tena. Msichana wa jirani alipita koo wazi, kishimo kinadunda hata mimi nikakiona, na mama mkwe akainamia ungo wake. Hasomi tena shingo ya mtu. Msichana alipokwisha kupita, alinyoosha mkono polepole, akanigusa kooni.

"Imepungua," akasema.

"Nimepona, mama."

"Ndiyo," akasema. "Umepona, mwanangu."