Pua ya Baba na Kikohozi cha Mama

Baba yangu ni mwoka mikate, na kichwa chake kigumu kuliko mkate wa juzi. Saa ya ukutani aliiita pambo. Mkate aliujua kwa pua: aliupa mlango wa tanuri mgongo, akikanda donge jingine, mara akasema, "Toa." Tukitoa, umeiva sawasawa.

Kisha shavu la kushoto likaanza kumuuma, hasa akiinama kubeba gunia la unga. Akashikilia kuwa ni jino. Akang'oa jino, zima la watu, na maumivu yakabaki pale pale. Pua nayo ikaziba. Siku moja trei nzima iliungua na yeye yupo hapo hapo, anakanda tu.

Tangu siku hiyo Mama akaanza kukohoa. Alisimama karibu na tanuri akitazama rangi ya mkate, akiona umeiva, anakohoa, na Baba anasema, "Toa." Niliudhika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wanaficha wawili. Nikampeleka Baba hospitali, amenuna njia nzima.

Daktari wa pua, mama mmoja mtaratibu, alimwingiza puani mrija mwembamba wenye kamera, kisha akaagiza picha ya CT. Ndani ya uwazi wa mfupa wa shavu palionekana kifuko cha majimaji.

"Ni saratani?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo. Nilimwonea huruma.

"Haionekani hivyo, mzee wangu, ila tukikitoa tutakipima. Wengi wanavyo na hawajui. Kisichosumbua tunakiacha. Chako kimekua mpaka kimeziba njia ya pua."

"Mtanipasua uso?"

"Hapana. Tunapitia puani, umelala kwa dawa."

"Nitanusa tena?"

"Natarajia. Kuapa siwezi."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si kisu.

Kifuko kikatolewa, na majibu ya maabara yakaja mazuri. Wiki zikapita, anasafisha pua kwa maji ya chumvi kama alivyoagizwa, na hanusi kitu. Kukohoa kukaendelea. Asubuhi moja, tanuri limejaa, Mama akakohoa.

"Bado," Baba alisema, bila kugeuka.

Mama akaduwaa. Tukangoja.

"Haya, toa."

Mikate ilitoka na rangi yake ya zamani. Baba akajifuta unga mikononi, akamtazama mkewe.

"Siku zote ulikuwa unakohoa mapema, mikate inatoka myeupe," alimwambia. "Nilinyamaza, maana sikuwa na pua nyingine."