Mfuko wa Saba

Watu wakisikia kwamba lava ilifunika nyumba yetu, huuliza kwanza kama kuna aliyekufa, kisha huuliza tuliokoa nini. Mama hujibu: vyeti na sufuria mbili. Mimi hujibu: mchezo wa kompyuta. Wengine hucheka, wengine hutikisa kichwa na kumtazama mama kwa huruma, kana kwamba msiba wake ni mimi na si volkano. Wanitazame tu. Nimechoka kuomba msamaha, na ninaandika haya bila kuomba. Ila nitasema yote, hata lile linaloniuma.

Kompyuta yenyewe, ndogo ya mpakato, ililetwa na mama yangu mdogo, aliyekuwa akinunua mitumba upande wa Uganda na kuipitisha mpakani Bunagana. Aliichomeka katikati ya bunda la masweta isije ikavunjika, akanipa kwa sababu nilikuwa nimeingia chuo kikuu. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, haikuwaka bila waya. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa amefuta kila kitu isipokuwa mchezo mmoja, na sijui kama alisahau au alinihurumia.

Katika mchezo ule wewe ni mpiga mbizi ambaye meli yake imezama kwenye bahari isiyo na pwani. Una kisu, una pumzi ya muda mfupi, na una nafasi nane tu za kubebea vitu. Ukiokota cha tisa, mchezo unakataa. Lakini ndani ya meli za kale zilizolala chini kuna mifuko iliyofichwa, sita kwa jumla. Ukiupata mmoja, unashonwa kwenye vazi lako papo hapo na nafasi zako zinaongezeka. Ukifa, unapoteza vyote ulivyobeba na unaanza tena mikono mitupu. Mfuko tu ndio haupotei. Ukishaupata, ni wako moja kwa moja.

Niliposoma maelezo hayo mara ya kwanza, niliyasoma tena. Sijawahi kuahidiwa kitu cha namna hiyo na mtu yeyote katika mji huu.

Na mimi sijui kuogelea. Nimekulia kando ya ziwa, lakini mama alitufundisha kuliogopa kwa sababu ya gesi iliyo chini yake, kama tulivyofundishwa kuogopa mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi wakiwa wamesimama. Huku mlima, huku ziwa, na katikati ndipo tunapotundika nguo zikauke. Kwa hiyo niliposhuka majini kwa vidole, juu ya meza, nilikuwa nafanya kitu nilichokatazwa maisha yangu yote. Nilikipenda kwa sababu hiyo pia.

Nilikufa sana. Nilikufa kuliko mtu yeyote anavyopaswa kufa katika mchezo ule, na sababu yake ilikuwa ya kijinga. Mchezo unakuruhusu kujenga kibanda chini ya maji na kuweka makabati humo. Mchezaji mwenye akili huacha mali yake kabatini na kutoka akiwa mwepesi. Mimi nilijenga kibanda kizuri, nikaweka makabati manne, na sikuweka kitu hata kimoja ndani yake. Nilibeba kila kitu mwilini. Shaba, chumvi, samaki wakavu, taa ya akiba, vyote. Nikikutana na mtungi wa hewa njiani, sikuwa na mahali pa kuutia, nami nilikufa nikiutazama.

Ni mama aliyenilea hivyo. Mama ni mshonaji. Mlima ulipotema moto mara ile ya zamani, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, alipoteza nyumba na kabati lenye nguo za watu alizokuwa ameshona tayari. Tangu siku hiyo begi letu la kukimbia lilining'inia nyuma ya mlango: kadi za uchaguzi, vyeti vya ubatizo, na baadaye diploma yangu ya taifa ya kumaliza sekondari, nguo moja moja. Na alikuwa na msemo wake, alioutoa kila nilipoleta kitu kipya nyumbani.

"Kitu yenye hauwezi kubeba, haiko yako."

Basi nilitafuta mifuko kama mwendawazimu. Wa kwanza niliupata nyuma ya mlango uliopinda, wa pili ndani ya pango lenye mikunga, wa tatu nikiwa nimebakiza pumzi tatu. Nilikuwa na mitano siku mlima ulipotema tena.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Mama alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za kwaya, mimi nikiwa majini. Tulisikia watu wakipiga kelele nje, tukatoka, na mbingu upande wa Munigi ilikuwa nyekundu. Mama hakupiga kelele. Alirudi ndani, akashusha begi kutoka kwenye msumari, akaweka sufuria moja ndani ya nyingine, akaniambia:

"Fungua kichwa ya mashini, ubebe. Mi goti haiwezi."

Kichwa cha cherehani ni chuma kitupu. Nilifungua skrubu, nikakiinua mpaka magotini, nikakirudisha.

"Mama, siwezi. Ni nzito."

Alinitazama kidogo tu, akatoka. Mimi nikachomoa kompyuta, nikaitia pamoja na waya wake kwenye kitenge, nikaifunga mgongoni.

Hili ndilo linaloniuma, na nilisema nitalisema. Ningeweza. Kwa kupumzika kila hatua mia, ningeweza. Cherehani ile ilinisomesha, na mimi nikachagua mtu asiyekuwepo mwenye mifuko mitano.

Tulifuata barabara ya Sake pamoja na mji mzima, magodoro vichwani, mbuzi, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zilizopakiwa wazee. Mama hakuniuliza nimebeba nini. Tulikwenda hivyo mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaanza kunisogelea. Kwetu mtoto wa mgongoni ni wa kila mtu anayekuja nyuma yako. Akiteleza watamwinua, jua likimpiga watamfunika. Mwanamke yule aliona kitenge kimekazwa kotekote, hakuna kichwa kinachochungulia.

"Mama, ule mutoto iko napumua? Umemufunika sana. Kuko moshi, lakini mupatie hewa!"

Alikuwa ameshanyoosha mkono afungue pindo. Mama yangu ndiye aliyegeuka. Aliangalia mgongo wangu, akaona pembe nne za kile kilichokuwa humo, na nikajua ameelewa.

"Iko nalala," alimwambia. "Umuache. Alilia sana."

Mwanamke akaridhika, akatubariki. Tulitembea mpaka Sake, mimi na mama yangu na mtoto wangu wa plastiki.

Tuliporudi, mtaa haukuwepo. Kulikuwa na jiwe jeusi linalotoa mvuke, pana, na mabati yaliyojikunja pembeni. Sikuweza kusema mlango wetu ulikuwa wapi. Mama aliweza. Alielekeza kwa kidevu.

"Mashini iko pale."

Hakuwahi kusema zaidi, na kama angenitukana ningemshukuru.

Tulipanga chumba cha mbao, na mama akawa anashona kwa mkono, vifungo na mapindo, yeye ambaye alikuwa na wanafunzi wa ushonaji wanne. Watu wa misaada walikuja na orodha zao. Sabuni, maharage, ndoo, turubai. Niliipokea ndoo, sikatai. Lakini kwenye orodha zile mkimbizi ni tumbo na ngozi tu. Hakuna aliyeuliza ulikuwa ukipenda nini, ulikuwa umefika wapi. Nilikuwa nimefika mfuko wa tano! Nilikuwa nimejifunza kushuka mahali ambapo mwanga haufiki. Volkano ilichukua nyumba, ikachukua cherehani kwa msaada wangu, na ilikuwa inataka nikae juu ya ndoo nishukuru kwamba napumua. Nilikataa. Umeme ulipokuja, nilicheza. Majirani wakasema binti wa mshonaji amerukwa na akili. Nilicheza wakisema.

Mama alianza kuangalia begani kwangu baada ya miezi. Ni mifuko iliyomvuta, kwa sababu ya kazi yake.

"Huyu mutu iko na mifuko ngapi?"

"Mitano, mama. Kuko ya sita, lakini iko chini sana. Napungukiwa hewa."

Akasogeza kiti, akachungulia. "Ule alimushonea hajui kazi. Mufuko ya kifua? Akiinama, itamuvuta shingo. Mufuko inaenda ku paja." Kisha akaona kibanda changu. "Na zile kabati, sababu gani ziko mutupu?"

"Ni weye ulinifundisha. Kitu yenye hauwezi kubeba, haiko yako."

Nilifikiri nimemkosea. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayempimia mteja kiuno:

"Lakini kule mu mayi, kuko volcano?"

Majini hakukuwa na volkano. Nilikuwa nimecheza zaidi ya mwaka na swali hilo halijanijia. Nilicheka mpaka nikalia, naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Sake. Tulipanga makabati pamoja, yeye akielekeza: chumvi huku, shaba kule, taa karibu na mlango. Nikashuka mtupu, nikiwa na hewa na kisu. Jaribio la tatu, niliufikia mfuko wa sita ndani ya chumba cha nahodha, na mama akapiga makofi kama yuko harusini.

Wakati huo alikuwa amepata cherehani nyingine, kuukuu, iliyobanduka rangi. Na wakati huo vita vilikuwa vimeanza tena kaskazini. Bunagana ikafungwa, biashara ya mama mdogo ikafa. Kisha barabara ya Rutshuru ikawa ya watu wanaoteremka tu wakikimbia. Ndugu za mama walitoka Kalengera kwa miguu, wakalala chini ya turubai Munigi, juu ya lava ileile. Kila wiki milio ilikuwa karibu zaidi. Begi lilirudi nyuma ya mlango.

Siku moja mchana, mabomu yakisikika upande wa Sake, nilichukua bisibisi na kuanza kulegeza skrubu za cherehani. Nilikuwa nimeshakata kamba na kutandika kitenge.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Tukitoka, nitabeba kichwa ya mashini. Hata kama nitatambaa."

"Na ile yako?"

"Itabaki. Umesema weye mwenyewe, watu hawabebe michezo."

"Sikusema vile." Alisimama, akafungua kitenge cha juu, cha pili, akanionyesha sketi nzito ya ndani, ya kitambaa cha jinzi. Ubavuni, juu ya paja, palikuwa na mfuko mpana umeshonwa mishono miwili miwili, na pembe zake zimetiwa kiraka zisichanike. "Nilipima siku ulienda masomo. Inaingia sawasawa. Weye ubebe yangu, mi nabeba yako."

Nilishika ule mshono kwa kidole, nikaupitisha mpaka mwisho wake. Haukuwa na kasoro.

Lakini hatukutoka. Barabara zilifungwa zote, na vita vikaja vyenyewe mpaka mlangoni. Tulilala chini siku kadhaa, tukila unga uliokorogwa na maji baridi. Milio ilipotulia, umeme ukarudi siku moja asubuhi, nami nikaichomoa kompyuta kutoka mfuko wa mama nikaiwasha mezani. Mama alinionya kwamba wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba. Nilimjibu kwamba sitajificha ndani ya chumba changu mwenyewe. Nilisema hivyo, na hata leo siyafuti maneno yale.

Wanaume watatu wenye bunduki waliingia kabla ya adhuhuri. Sisemi ni wa upande gani, mlangoni hawakujitambulisha. Walichukua simu mbili, na mmoja akachomoa kompyuta na waya wake, ikazimika, mpiga mbizi wangu akiwa amesimama kibandani na mifuko yake sita. Nilisema, "Iache, ni yangu." Nilisema mara mbili. Alinielekezea bunduki tumboni na mama akanivuta. Mwingine alijaribu kuinua cherehani, akaifikisha magotini, akairudisha.

"Ni nzito," alisema.

Mama akanitazama. Walipotoka tulikaa sakafuni, na sisi wawili, Mungu atusamehe, tukaanza kucheka kwa neno lile moja. Kisha nililia peke yangu kwa muda mrefu, na sikuona haya.

Sasa mama anashona, mji ukiwa mikononi mwa yeyote uliomo mikononi mwake. Juzi nilimwambia aifumue ile sketi, kitambaa ni kizuri, kinatosha begi la shule la mteja. Alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa kwanza.

"Nifumue? Siku utapata ingine, itaingia wapi?"

Akavaa sketi yake, akafunga vitenge vyake viwili juu, akaenda sokoni na mfuko mtupu ukimpiga paja. Mimi nilikwenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, nikamuuliza mwenye kibanda kama amesikia mtu anayeuza kompyuta kuukuu, hata isiyo na betri.