Karabai na Jicho la Chombo cha Angani

Miaka ile ya wakimbizi niliandikia gazeti habari za Kigoma. Nilikuwa nimepanga nyumba Bangwe, kando ya ziwa, pamoja na mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Jioni moja alinisimulia alichosoma kwenye jarida: chombo cha angani kinachosukumwa na injini ya ioni. Injini hiyo haichomi mafuta. Inatupa nyuma gesi iliyotiwa umeme, na gesi hiyo hung'aa rangi ya buluu hafifu. Wahandisi walihofia mng'ao huo ungeingia kwenye kamera inayotambua nyota, chombo kikapotea njia.

"Mng'ao hafifu hivyo unapofushaje kamera?" nilimuuliza.

"Kamera yenyewe imeundwa kuona vitu hafifu, ndugu yangu."

"Basi wazime injini."

"Wakizima, kitasukumwa na nani? Wewe?"

Sikuelewa. Nilihisi ananichanganya makusudi.

Hatujamaliza ubishi, akaingia jirani yetu, mvuvi wa dagaa, akiwa na mama aliyefika asubuhi kwa boti kutoka Rumonge, ng'ambo ya mpaka. Watoto wake walipandishwa mtumbwi mwingine. Watu wa kijiji cha Mwamgongo, kaskazini mwetu, waliuona mchana ukipita, lakini Bangwe haukufika.

"Nahitaji macho," mvuvi alisema. Tukaenda.

Giza lilipoingia, aliwasha karabai mbele ya boti. Dagaa huifuata taa, na wavuvi wetu hawajui kutafuta kitu ziwani bila kuiwasha kwanza. Tuliona duara la maji meupe na wadudu wakizunguka. Nje ya duara hapakuwa na kitu. Mama alikuwa akiita, "Bana banje!" Wanangu.

Mwalimu akanigusa bega. "Unaona? Sasa sisi ndio ile kamera." Kisha kwa mvuvi: "Mzee, hebu zima."

"Mwalimu, Moshi mnavua gizani?" Lakini akazima.

Macho yalikawia kuzoea. Ilikuja milima kwanza, zikafuata nyota, halafu kitu cheusi kirefu juu ya maji, karibu kuliko nilivyotarajia. Tulisikia makasia. Tukaita, makasia yakanyamaza.

"Wametuogopa," mvuvi alisema.

"Washa, watuone," mwalimu akasema.

"Nikiwasha tutawapoteza! Si wewe uliyesema?"

Nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Wote niliwaona wana haki, na sikujua nimuunge mkono nani.

Mama hakutungoja. Alisimama, boti ikayumba, akaita tena, safari hii kila mtoto kwa jina lake. Sauti nyembamba ikajibu. Tuliifuata sauti hiyo mpaka mbao zikagongana, tukawavuta watoto mmoja mmoja. Mama aliwapapasa vichwa.

Binti mkubwa alikuwa akitetemeka, lakini kwa hasira.

"Mbona mlizima taa?" alituuliza. "Tulikuwa tunaifuata. Ilipopotea tulidhani mmezama."

Mvuvi alimgeukia mwalimu. Mwalimu akanigeukia mimi. Kisha akachukua kopo, akaanza kuchota maji yaliyoingia botini.